Ifahamu shiatsu, tiba ya Wajapani ya kubonyeza mwili kwa vidole

ANAYELALA kwenye godoro la shiatsu kwa mara ya kwanza aghalabu hushangazwa na mambo mawili. La kwanza ni kwamba haambiwi avue nguo. La pili ni kwamba hapakwi mafuta wala kusuguliwa ngozi. Mtaalamu hupiga magoti sakafuni kando yake, huweka kidole gumba au kiganja mahali fulani mgongoni, kisha huegemeza uzito wa mwili wake polepole na kutulia hapo kwa sekunde kadhaa kabla ya kusogea hatua ndogo mbele. Msomaji aliyezoea kuchuliwa kwa mafuta ya nazi, kama ifanyikavyo Pwani, huenda akadhani kazi haijaanza, kumbe inaendelea.

Jina lenyewe linaeleza kila kitu. Katika lugha ya Kijapani, ‘shi’ ni kidole na ‘atsu’ ni mbonyezo. Tiba hii leo inapatikana katika miji mingi mikubwa duniani, na jina lake huandikwa hata kwenye vibao vya mahoteli na vya maduka ya urembo. Kwa sababu hiyo ni vyema kufahamu inatoka wapi, humfanyia nini mwenye kuiendea na, zaidi ya yote, ni nani asiyepaswa kuiendea kabla ya kumwona daktari.

Kazi ya vipofu

Wajapani hawakuanza kukandana juzi. Kufikia karne ya 8, utawala wa kifalme nchini humo ulikuwa na matabibu rasmi wa anma, yaani ukandaji uliotoka Uchina pamoja na tiba ya sindano na elimu ya mitishamba. Karne zilivyosonga, anma ikawa hasa kazi ya watu wasioona. Aliyechangia sana hali hiyo ni Sugiyama Waichi, aliyeishi kati ya 1610 na 1694, kipofu aliyebobea katika tiba ya sindano hadi akamhudumia mtawala Tokugawa Tsunayoshi na kuanzisha mafunzo kwa vipofu wenzake. Enzi hizo, mkandaji kipofu aliyepita vichochoroni usiku akipuliza filimbi yake kuwatafuta wateja alikuwa sehemu ya maisha ya miji ya Japani.

Uhusiano huo haujakatika hadi leo. Sheria ya Japani inairuhusu serikali kukataa kuidhinisha vyuo vipya vya ukandaji kwa wanafunzi wenye kuona, madhumuni yakiwa kulinda riziki ya wasioona. Kifungu hicho kilipingwa mahakamani, lakini mnamo Februari 2022 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba hakikiuki katiba. Ni nadra kupata taaluma ambayo mtu asiyeona anahesabiwa kuwa na haki ya kwanza ndani yake, na ambayo kidole chake kinaaminiwa kuliko jicho la mwingine.

Shiatsu ni tawi changa la mti huo mkongwe. Ilichipuka mwanzoni mwa karne ya 20, wakati Wajapani kama Tamai Tempaku walipoanza kuunganisha anma na maarifa ya Magharibi kuhusu mifupa, misuli na neva. Hata hivyo, aliyeifanya ijulikane kote nchini ni Tokujiro Namikoshi.

Namikoshi alizaliwa mwaka wa 1905 katika jimbo la Kagawa, kisiwani Shikoku. Alipokuwa na umri wa miaka saba, jamaa yake ilihamia Hokkaido, kisiwa cha kaskazini chenye baridi kali. Huko mamake akaanza kuumwa na magoti, kisha viungo vingine vikafuata, ilhali kijiji walichokuwamo hakikuwa na daktari. Watoto wakawa wanamkanda kwa zamu. Kwa masimulizi ya Namikoshi mwenyewe, aligundua kwamba mamake alipata nafuu zaidi alipombonyeza kuliko alipomsugua, akawa anazitafuta kwa vidole sehemu zilizokakamaa au kupoa na kuzibonyeza. Hatimaye mamake akapona.

Hicho ndicho kisa kinachosimuliwa zaidi kuhusu mwanzo wa shiatsu, na ni kisa cha kupendeza. Hata hivyo, mgonjwa mmoja kupata afueni si ushahidi kwamba tiba imefanya kazi. Maradhi mengi ya viungo yana desturi ya kuzidi kwa muda na kutulia yenyewe. Lililo wazi ni kwamba kijana huyo aliyashikilia maarifa aliyoyapata kwa mamake na kuyafanya kazi ya maisha. Mwaka wa 1925 alifungua kituo chake cha kwanza huko Hokkaido, na mwaka wa 1940 akaanzisha chuo jijini Tokyo. Sifa zake zilivuka mipaka mwaka wa 1954 alipoitwa kumhudumia mwigizaji wa filamu wa Marekani, Marilyn Monroe, aliyekuwa ameshikwa na maumivu ya tumbo akiwa ziarani Japani. Mwaka uliofuata shiatsu ilitajwa kwa mara ya kwanza katika sheria ya nchi hiyo, ikiwa chini ya anma, na mwaka wa 1964 ikatambuliwa kuwa taaluma yenye jina lake. Namikoshi alifariki mwaka wa 2000.

Mtu wa pili anayefaa kutajwa ni Shizuto Masunaga, aliyezaliwa 1925 na kufariki 1981. Masunaga alisomea saikolojia katika Chuo Kikuu cha Kyoto, akafundisha katika chuo cha Namikoshi, kisha akaondoka na kuanzisha kituo chake mwenyewe, Iokai. Ilhali Namikoshi aliongozwa na anatomia ya Magharibi, Masunaga alirejelea mafundisho ya kale ya Kichina kuhusu ‘ki’, yaani nguvu ya uhai inayosemekana kupita mwilini katika njia maalumu. Kitabu chake cha Kiingereza cha mwaka wa 1977, Zen Shiatsu, alichokiandika pamoja na Wataru Ohashi, kiliieneza mbinu yake Ulaya na Marekani. Ndiyo sababu watu wawili wanaweza kusema wote wamefanyiwa shiatsu na bado wakaeleza mambo tofauti: mmoja alibonyezwa shingo, mabega na mgongo kwa mpangilio maalumu, na mwenzake alianza kwa kupapaswa tumbo.

Yanayotendeka chumbani

Kikao cha kawaida huchukua muda wa dakika 45 hadi saa moja na nusu, kutegemea mahali. Anayekwenda anashauriwa avae nguo nyepesi zisizombana, hasa za pamba, zenye mikono mirefu na miguu mirefu, kwani kitambaa humsaidia mtaalamu kubonyeza bila kidole kuteleza. Suruali ya jinzi haifai. Vivyo hivyo mkufu, bangili na mshipi havina budi kuvuliwa. Si vizuri kula chakula kizito saa mbili kabla ya kikao, maadamu tumbo lenyewe huenda likabonyezwa na mtu atalala kifudifudi kwa muda.

Kabla ya mguso wowote, mtaalamu anayejua kazi yake huuliza maswali. Atataka kujua kilichomleta mteja, maradhi aliyowahi kuugua, upasuaji aliofanyiwa, dawa anazomeza, jinsi anavyolala, na kwa mwanamke, kama ni mjamzito. Maswali haya si ya kutimiza desturi tu. Yeyote anayeanza kubonyeza bila kuuliza lolote amekwisha kuonyesha kiwango chake, na mteja ana haki ya kuinuka akaenda zake.

Kazi hufanyiwa sakafuni juu ya godoro jembamba la Kijapani liitwalo futoni, ingawa baadhi ya vituo hutumia meza ya chini au kiti kwa wazee wasioweza kuinuka sakafuni kwa urahisi. Wafuasi wa Masunaga huanza kwenye tumbo, ambalo Wajapani huliita ‘hara’. Viganja hutembea kwa upole kuanzia chini ya mbavu hadi chini ya kitovu, vikitafuta sehemu zilizo ngumu na zilizolegea. Katika mafundisho yao, ugumu ni dalili ya nguvu iliyozidi na ulegevu ni dalili ya nguvu iliyopungua, na sehemu iliyopungua ndiyo inayohitaji kushughulikiwa kwanza. Mteja asiyeyaamini hayo hadhuriki kwa kulala kimya. Mguso huo wa tumbo, ukifanywa vyema, humlegeza mtu kabla hajafahamu.

Kisha mwili hufuatwa sehemu kwa sehemu. Vidole gumba hushuka pande mbili za uti wa mgongo, si juu ya mifupa yenyewe, kuanzia kati ya mabega hadi kiunoni. Kiganja hukandamiza makalio na nyuma ya mapaja. Vigimbi hubonyezwa kwa tahadhari kwa kuwa huuma upesi. Nyayo huweza kukanyagwa na mtaalamu kwa visigino vyake mwenyewe, jambo ambalo huwachekesha wengi mwanzoni. Mteja akigeuzwa chali, mikono huvutwa, nyonga huzungushwa, magoti hukunjwa kuelekea kifuani. Viwiko na magoti ya mtaalamu hutumika pia pale penye misuli minene. Mwisho huwa shingo, kichwa na uso.

Siri ya kazi hii imo katika uzito, wala si katika nguvu za mikono. Mkandaji mwembamba anaweza kutoa mbonyezo mzito kuliko pandikizi la mtu, kwa sababu hasukumi kwa misuli ya mkono. Huegemea tu, mbonyezo ukishuka wima kuelekea ndani. Hushuka mteja anapotoa pumzi na kupunguza anapoivuta. Katika mbinu ya Masunaga, mkono mmoja husonga ilhali wa pili hubaki umetulia mahali pamoja, na huo uliotulia huitwa mkono wa mama.

Je, inauma? Swali hili huulizwa na kila mtu, na jibu la kweli ni kwamba wakati mwingine inauma kidogo. Wajapani wana msemo kwa hisia hiyo, wakimaanisha maumivu yenye raha ndani yake, kama yale ya kunyoosha mguu uliokaa umekunjwa safarini kutwa nzima. Kipimo ni pumzi. Ikiwa mteja anaweza kuendelea kupumua kwa utulivu, mbonyezo ni wa kiasi. Anapoziba pumzi, anapokaza mwili au kukunja ngumi, mbonyezo umepita kiasi na anafaa kusema papo hapo. Hakuna sifa inayopatikana kwa kuvumilia. Maumivu makali ya kuchoma, ganzi au hisia kama ya umeme inayoshuka mkononi au mguuni si sehemu ya tiba hii kamwe.

Mwisho wa kikao, wengi huachwa walale kwa dakika chache. Ni kawaida kuhisi usingizi, baridi kidogo au kiu, na wengine hulegea kiasi kwamba si busara kushika usukani mara moja. Maumivu madogo ya misuli, kama ya mtu aliyelima baada ya kupumzika muda mrefu, yanaweza kubaki kwa siku moja au mbili. Yakizidi hapo, au yakiandamana na dalili nyingine, si jambo la kusubiri kikao kijacho. Huenda mtu akasikia kwamba uchovu huo ni ‘sumu’ inayotoka mwilini. Dai hilo halina msingi, kwani kazi ya kuondoa uchafu mwilini hufanywa na ini na figo, nazo hazingoji kubonyezwa.

Sayansi inasemaje

Hapa ndipo panapohitaji ukweli bila upendeleo. Njia za ki ambazo walimu wa mkondo wa Masunaga huzichora mwilini hazijawahi kuonekana kwa upasuaji wala kwa darubini. Yafaa zichukuliwe kama ramani ya kumwongoza mkandaji, si kama mishipa.

Kuhusu matokeo, ushahidi uliopo ni haba kuliko sifa zinazotangazwa. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2008 uliwafuatilia watu 948 waliotumia shiatsu nchini Austria, Uhispania na Uingereza. Wengi wao walieleza kwamba dalili zao zilipungua, hasa za misuli, viungo na msongo wa mawazo. Kasoro yake ni kwamba haukuwa na kundi la watu wasiotibiwa la kulinganishia, na waliohojiwa walikuwa wamejichagulia tiba hiyo wenyewe. Miaka mitatu baadaye, mwaka wa 2011, watafiti wa Uingereza walikusanya tafiti zilizokuwapo na kupata 9 pekee kuhusu shiatsu yenyewe, dhidi ya 71 kuhusu akupresha, mbinu ya jirani ya kubonyeza vituo maalumu vya mwili. Akupresha ilionyesha manufaa fulani kwa maumivu, yakiwemo ya hedhi, na kwa kichefuchefu baada ya upasuaji. Kuhusu shiatsu, walihitimisha kwamba tafiti zilikuwa chache na dhaifu mno kutoa uamuzi.

Hilo halimaanishi kwamba anayeamka kutoka kwenye futoni akiwa mwepesi anajidanganya. Kuguswa kwa utulivu kwa saa nzima, kulala bila simu, na misuli iliyokazika kulegezwa ni mambo yenye faida yake hata pasipo nadharia yoyote. Mtu aliyechoshwa na kuketi mbele ya kompyuta, asiyepata usingizi kwa sababu ya mawazo, au anayeumwa na mabega kwa kazi, anaweza kutarajia afueni ya siku kadhaa. Asichopaswa kutarajia ni kuponywa kisukari, shinikizo la damu, pumu au saratani. Anayemwambia mgonjwa aache dawa zake ili shiatsu ifanye kazi anamhatarisha maisha.

Asiyefaa kubonyezwa

Baadhi ya watu hawafai kubonyezwa bila idhini ya daktari, na hapa orodha ni ndefu kuliko wanavyodhani wengi. Mwenye homa au maambukizi asubiri apone. Aliye na bonge la damu kwenye mshipa wa mguu, ambalo dalili zake ni mguu mmoja kuvimba, kupata joto na kuuma, hafai kuguswa mguu huo hata kidogo, kwani bonge linaweza kung’oka likapanda hadi mapafuni. Wanaomeza dawa za kuzuia damu kuganda hupata vilio vya damu kwa urahisi. Mifupa ya wazee, hasa wanawake waliokoma hedhi, huweza kuwa imedhoofika kiasi cha kuvunjika kwa uzito ambao kijana hausikii. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni hawezi kumwambia mtaalamu kwamba anamuumiza. Mwenye saratani, na aliyefanyiwa upasuaji karibuni, apate kwanza neno la daktari wake.

Wajawazito huhudumiwa wakilala ubavu, na wataalamu kwa desturi huepuka kubonyeza sehemu tatu: panda ya kidole gumba na cha shahada, juu ya kifundo cha mguu upande wa ndani, na kilele cha bega. Ni desturi inayofaa kuheshimiwa, ingawa ushahidi wake si mwingi.

Shingo inastahili kutajwa peke yake. Mishipa mikubwa inayopeleka damu kwenye ubongo hupita pande zake mbili za mbele. Mwaka wa 2001, madaktari wa Japani walieleza katika jarida la Stroke kisa cha mzee ambaye, baada ya kufanyiwa shiatsu shingoni, vipande vya uchafu vilivyokuwa vimeganda katika mshipa wake viliziba mishipa midogo ya jicho na ya ubongo. Visa vya aina hii ni nadra sana, lakini madhara yake ni makubwa. Mzee, mwenye shinikizo la damu au aliyewahi kupata kiharusi ana kila sababu ya kusema mapema kwamba mbele ya shingo yake isibonyezwe. Nyuma ya shingo na kisogoni panatosha.

Kisha kuna maumivu ya mgongo, ambayo ndiyo huwapeleka wengi kwa wakandaji. Mengi hutokana na misuli na hupungua yenyewe. Ila mgongo unaouma zaidi usiku, pamoja na homa, jasho na kupungua uzito, unahitaji kupigwa picha hospitalini. Nchini Kenya, ambako kifua kikuu kingali tatizo kubwa, ugonjwa huo huweza kuingia kwenye uti wa mgongo na kula mifupa taratibu, na wakati unaopotea kwa mkandaji ndio uti unaotumia kuporomoka. Kadhalika, anayeshindwa ghafla kuzuia mkojo au choo, au anayepata ganzi mapajani kwa ndani na miguu kukosa nguvu, anafaa kufikishwa hospitalini siku hiyo hiyo.

Kumchagua mtaalamu

Nchini Japani, mwenye kuitwa mtaalamu wa shiatsu kisheria lazima awe amesoma muda usiopungua miaka mitatu na kufaulu mtihani wa taifa. Leseni anayopata ni moja kwa ukandaji wa anma, wa Kimagharibi na shiatsu. Hata huko, hata hivyo, vituo vingi vya ‘kupumzisha mwili’ huendeshwa na watu wasio na leseni hiyo.

Nje ya Japani, katika nchi nyingi jina hilo halilindwi na sheria, na kozi ya wikendi moja inaweza kumpa mtu cheti cha kutundika ukutani. Anayetafuta mtaalamu aulize alisomea wapi na kwa muda gani, kama masomo yake yalihusisha anatomia, na kama ana msingi mwingine wa afya kama vile uuguzi au fiziotherapia. Aulize pia ni wagonjwa wa aina gani huwa anawakataa, kwani aliyefundishwa ipasavyo atakuwa na jibu tayari. Wakubaliane mapema kuhusu bei na sehemu ambazo mteja hataki ziguswe. Kwa kuwa shiatsu hufanywa mtu akiwa amevaa, mtaalamu anayemtaka mteja avue nguo anafanya kazi nyingine. Vilevile ajihadhari na anayedai malipo ya vikao 20 siku ya kwanza. Vikao vitatu au vinne vinatosha kuonyesha kama maumivu yanapungua, na yasipopungua, pesa zilizobaki zina matumizi bora kwa daktari.